Bi Halo Aunganisha Kompyuta Mbili

Jina lake la kuzaliwa lipo kwenye vyeti, na huko ndiko lilikobaki. Mtaa mzima unamwita Bi Halo, kwa sababu kwa sehemu kubwa ya maisha yake hilo ndilo neno lililomtoka kinywani kuliko mengine yote. Alikuwa opereta wa simu katika hospitali kubwa, enzi zile simu zote za hospitali zilipopita kwenye chumba kimoja kidogo chini ya ngazi, mbele ya ubao wenye matundu na nyaya. Mwanamke aliyekaa kwenye kiti cha kuzunguka ndiye aliyeamua nani azungumze na nani. Daktari akimtaka mfamasia, alipitia kwake. Mke akimtaka mume aliyelazwa wodi ya mifupa, alipitia kwake. Hata mkurugenzi mwenyewe, pamoja na ukubwa wake wote, hakuweza kumwuliza mkewe wamepika nini bila kumwomba Bi Halo kwanza.

Kazi ile ilikuwa na sheria moja kubwa, naye aliishika kwa mikono miwili. Ukishawaunganisha watu wawili, unasema "Mmeunganishwa," kisha unatoka kwenye laini. Husikilizi. Hukai kungoja kujua kama wameelewana au wametukanana. Opereta anayebaki kwenye laini ni mbea mwenye mshahara, alikuwa akisema, na yeye mbea hakuwa.

Nalitaja hili mapema kwa sababu usipolijua utamwona Bi Halo mjinga, na mjinga si yeye. Nimewaona wenye digrii zao wakiboronga kuliko alivyoboronga yeye, tena wakiwa wamefunga tai.

Sasa, sebuleni kwake palikuwa na kompyuta ya zamani, ile ya skrini nene yenye kisogo, iliyokaa mezani miaka mingi mpaka rangi yake nyeupe ikawa rangi ya chai ya maziwa. Kuiwasha ilikuwa kazi ya subira. Ulibonyeza, ukaenda kuosha vyombo, ukarudi ukaikuta bado inajikuna. Matundu ya flashi yalikuwa yamekufa yote. Intaneti iliifungulia kwa shida, na kurasa nyingi zilikuwa zikiikatalia mlangoni kwamba umri umepita. Mtu mwingine angeshaitupa. Bi Halo hakuweza, kwa sababu ndani yake mlikuwa na sauti ya mdogo wake.

Mdogo wake huyo wote tunamwita Dereva. Aliendesha malori ya masafa marefu, na mkewe alipofariki alimwacha binti yao mdogo alelewe na Bi Halo, naye akarudi barabarani, maana lori halijui msiba. Lakini kila alipoegesha kupumzika alitoa simu yake akamrekodia mwanawe hadithi, akaituma, na Bi Halo akaiingiza kwenye kompyuta ili mtoto aisikilize kabla ya kulala. Hadithi zenyewe alizitunga papo hapo akiwa kwenye usukani. Wanyama wote walikuwa wakimwomba lifti. Kobe alipanda akakataa kusema anakoshukia. Fisi alitaka kukaa mbele karibu na dirisha, kisha akalalamika upepo. Twiga ilibidi apitishe shingo nje, na kila mahali penye daraja Dereva alipiga honi kwa mdomo wake mwenyewe, honi ndefu ya lori, mpaka mtoto akaanguka kitandani kwa kicheko.

Halafu koo likaugua. Madaktari wakakata walichokata, na sauti ikaenda nacho. Mtu alipona, tunashukuru, lakini tangu siku hiyo Dereva ana kitundu shingoni anachokifunika kwa kitambaa, na akitaka kusema jambo huliandika kwenye simu akakugeuzia usome. Simu ile ya zamani ya kurekodia iliibiwa zamani. Hadithi zikawa zimebaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya kompyuta inayojikuna.

Binti alikua, akaolewa, akahamia mbali, akapata mtoto. Mtoto alipoanza kuokota maneno, Binti akanunua laptopu mpya nyembamba akaituma kwa shangazi yake, na akapiga simu akaeleza shida yake waziwazi.

"Shangazi, nataka mwanangu amsikie babu yake. Hiyo kompyuta ya zamani ikifa leo, Baba hatumsikii tena. Zihamishie hadithi kwenye hii mpya, halafu utanitumia."

"Nitaziweza wapi mimi, mwanangu?"

"Nitakuelekeza kwenye simu. Ni rahisi."

Hakuna neno lililowatia watu matatani kama hilo rahisi.

Kipya kinyemi, wahenga walisema, na Bi Halo aliipenda laptopu ile kabla ya kuijua. Aliifuta vumbi lisilokuwepo. Aliiweka ubavuni mwa ile ya zamani juu ya meza ambayo haikuzitosha zote mbili, akaweka simu sikioni, akavaa miwani.

"Unakiona kile kisanduku cha intaneti chenye taa?" Binti akauliza.

"Nakiona. Kinanikonyeza."

"Chomeka waya mmoja kutoka kompyuta ya zamani, na mwingine kutoka hiyo mpya. Zote mbili ziingie hapo."

Bi Halo akachomeka, na ghafla uso ukamchanua. "Ala! Kumbe ni ubao wangu huu! Huyu anapitia hapa kumpata yule!"

"Eeh, Shangazi, ni kitu kama hicho."

Hapo ndipo furaha ilipoishia. Kwa saa nzima na ushei yule mwanamke aliyewahi kuunganisha hospitali nzima hakuweza kuunganisha mashine mbili zilizogusana mabega. Aliambiwa alibofye folda kwa upande wa kulia, akauliza kulia kwake au kulia kwa kompyuta. Aliambiwa alishee lile folda, yaani aruhusu mashine nyingine ilione, akasema hana neno, wachukue wote. Aliambiwa afungue mtandao kwenye ile mpya.

"Unaiona ya zamani sasa?"

"Naiona, si hii hapa mezani."

"Kwenye skrini, Shangazi."

"Kwenye skrini haipo. Iko mezani, nimekwambia."

Wakazima, wakawasha. Wakachomoa, wakachomeka. Binti akamwuliza kama zote mbili ziko kundi moja, na Bi Halo akasema moja mzee na nyingine mtoto, kundi moja watakuwaje? Kichwa kilimzunguka. Alikuwa na hisia ya mtu anayetafuta swichi ya taa katika nyumba ya mgeni, kila anapopapasa ni ukuta. Kisha, bila yeye kujua alichofanya, jina la kompyuta ya zamani likatokea, na alipoligusa akadaiwa neno la siri.

"La nani?"

"La kompyuta ya zamani. Tulikuwa tunatumia nini?"

"Ile haijawahi kuwa na neno la siri maishani mwake."

"Basi ndiyo maana inakukatalia."

Bi Halo akavua miwani. "Kwa hiyo asiye na siri ndiye asiyeaminiwa?"

"Ndivyo zilivyo, Shangazi."

Aliinung'unikia dunia kidogo, kisha akafuata alichoelekezwa, akazima ulinzi huu, akaruhusu kile, akabofya sawa, sawa, sawa, bila kujua anakubali nini, kama tunavyofanya sote. Na hapo kwenye skrini mpya inayong'aa likafunguka folda la Hadithi za Baba. Kobe alikuwepo. Fisi alikuwepo. Twiga, Nungunungu, Bata Mzee, wote wamejipanga kama abiria.

"Nawaona!" Bi Halo akapiga kelele. "Wote wapo huku! Wamefika!"

"Safi kabisa! Sasa Shangazi, kilichobaki ni..."

"Mmeunganishwa," akasema Bi Halo, akakata simu.

Usimcheke. Mkono wenyewe ndio uliokata. Miaka yote ile umezoea kwamba laini zikikutana kazi imekwisha, na anayebaki ana lake. Alijipongeza kwa glasi ya maji, akapeleka simu chumbani kuichaji, maana ilikuwa imebaki roho juu. Binti alipopiga tena hakupokelewa. Akaandika: "Shangazi, zimeingia zote?" Na Bi Halo alipouona ujumbe akajibu kwa dole gumba moja, taratibu: "Zote. Nimeziona kwa macho yangu."

Hakufungua hata moja kusikiliza. Kwanza zilikuwa za watu wawili, baba na mwanawe, hazimhusu. Pili, na hili hakumwambia mtu, aliogopa. Tangu Dereva anyamaze hakuwa amewahi kuisikia ile sauti, na hakujua atafanya nini ikimtokea hapo sebuleni.

Kesho yake Dereva akaja kunywa chai kama kawaida yake. Dada yake hakumpa hata nafasi ya kukaa.

"Njoo uone! Umehamia nyumba mpya!"

Dereva akainama mbele ya laptopu. Alitazama lile folda. Akashika kipanya, akabofya hapa, akabofya pale, na macho yake yakafuata waya mmoja mpaka kwenye kisanduku, na wa pili kutoka kwenye kisanduku mpaka kompyuta ya zamani iliyokuwa ikivuma. Akamtazama dada yake. Akaandika kwenye simu: "Umemaliza?"

"Nimemaliza kila kitu. Sasa hili zee linanibana meza tu. Fundi Redio ananiomba kila siku, anataka vifaa vya ndani. Ukipata nafasi umpelekee..."

Sentensi haikuisha. Dereva alishakuwa chini ya meza anachomoa nyaya. Akaliazima toroli la jirani, akaipakia kompyuta na skrini yake yenye kisogo, na chai akaiacha inapoa. Bi Halo alimwangalia akipinda kona akasema moyoni, leo mdogo wangu kawa mwepesi, sijui kala nini.

Mchana wa siku iliyofuata Binti akapiga simu ya video. Alikuwa amempakata mtoto, amemvika nguo nzuri utadhani wanakwenda kupigwa picha.

"Shangazi, tuanze na Kobe. Mtumie Kobe."

"Kobe ndiye huyu." Bi Halo akalibofya folda. Kikaja kijisanduku chenye alama nyekundu kikisema njia haipatikani. Akabofya tena. Njia haipatikani. "Ngoja. Labda amelala."

Aliizima laptopu, akaiwasha. Aliukung'uta waya. Aliuchomoa kwenye kisanduku akaupuliza kwa mdomo. Jina la folda lilikuwa pale pale, Hadithi za Baba, herufi zote, na ndani hamna kitu, wala huwezi kuingia ukahakikisha kwamba hamna kitu. Hilo ndilo lililomchanganya zaidi. Jana walikuwa humu, amewaona, tena kwa mpangilio, na Twiga alikuwa wa tatu. Mlango haukufunguliwa. Wamepitia wapi?

"Shangazi," Binti akasema polepole, "ile kompyuta ya zamani umeizima?"

"Kuizima? Nimeigawa."

Upande wa pili mtoto alikuwa akipigapiga skrini.

"Hazikuwa zimehamia," Binti akasema. "Ulikuwa unaziona tu. Zilikuwa kule kule kwenye ile ya zamani, wewe unazichungulia kupitia waya. Ni kama kusimama dirishani kwa jirani ukaviona vyombo vyake. Ilibidi uzikopi. Nilikuwa nataka kukwambia, simu ikakatika."

Bi Halo alikaa chini. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwambia kwamba amechungulia kwa jirani, na sasa anaambiwa, tena ni kweli, na tena jirani mwenyewe amemwondoa kwa toroli. "Lakini niliunganisha," akasema. "Wewe mwenyewe ulisema safi."

Binti alikuwa ameugeuza uso pembeni, na mabega yalikuwa yakimtikisika. Kisha skrini ikawa nyeusi.

Fundi Redio ana kibanda kwenye kona, kimejaa matumbo ya televisheni kiasi kwamba mteja huhudumiwa akiwa nje. Bi Halo alifika akihema, kiatu cha kushoto ndani, cha kulia nusu.

"Fundi, usiiguse! Ile kompyuta, usiifungue!"

"Nishaifungua, Bi Halo. Mbona umeniletea jeneza tupu?"

"Tupu vipi?"

"Haina diski, ile ya kuhifadhia vitu. Dereva alipofika aliniazima bisibisi, akaifungua mwenyewe hapo hapo kwenye toroli, akatoa diski, akaitia mfukoni. Nikamwuliza ya nini, akafanya hivi." Fundi akapunga mkono kama anayefukuza nzi. "Nikadhani mmekubaliana."

Kama Bi Halo alikuwa amechanganyikiwa mwanzoni, sasa alipigwa na butwaa kabisa. Diski ya nini kwa mtu asiye na kompyuta? Na kama alijua ina maana, kwa nini hakusema? Na hapo akajisahihisha, maana Dereva hasemi. Lakini kuandika anaandika, hata akitaka sukari iongezwe huandika. Alitembea kuelekea kwa mdogo wake akizungumza peke yake njia nzima, na waliomsalimia hawakujibiwa.

Alimkuta nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda anamenya viazi. Dereva alimwona dada yake, akaona uso wake, akaweka kisu chini. Hakujifanya. Aliingia ndani, akafungua kabati la vyombo, akarudi na kitu kilichoviringishwa kwenye taulo la uso, akakiweka juu ya beseni lililogeuzwa, katikati yao.

"Ni yenyewe?" Bi Halo akauliza.

Akatikisa kichwa kukubali.

"Hebu nieleze, maana mimi leo sielewi kitu. Sielewi mashine, na sasa sikuelewi na wewe."

Dereva akachukua simu. Aliandika, akafuta, akaandika tena, akamgeuzia.

"Nilijua hazijahamia. Nilipoona nyaya nilijua."

"Ulijua! Ukaniacha nijisifu?"

"Uliponiambia nipeleke kwa fundi nikaona basi, mambo yamejipanga yenyewe. Nilitaka kuitupa njiani. Nimeshindwa."

"Utupe sauti yako mwenyewe? Una akili kweli?"

Safari hii aliandika kwa muda mrefu. Bi Halo alitazama vile vidole vinene vilivyozoea usukani vikiparuza kioo kidogo.

"Si sauti yangu tena, Dada. Ni ya yule. Mtoto ataisikia kila siku, atampenda yule. Siku wakija kunitembelea atanitazama mdomoni, atangoja, na hakuna kitakachotoka. Ataniona mimi ndiye niliyemficha babu yake."

Bi Halo aliisoma mara mbili, kisha akairudisha simu. Akavuta kigoda kingine akakaa.

"Kuna daktari mmoja," akasema, "alikuwa akiniita Malaika. Kila siku, Malaika niunganishie maabara, Malaika nitafutie fulani. Siku moja akashuka mpaka chini ya ngazi, na zawadi ya sabuni mkononi. Akafungua mlango, akaniona. Akatazama nyuma yangu. Akaniuliza, samahani mama, yule dada wa simu yuko wapi?"

Dereva akamtazama.

"Nikamwambia katoka. Sabuni akaondoka nayo. Sikuwahi kumwambia mtu, maana nilijisikia vibaya sana. Kwa hiyo hilo unalosema nalielewa. Pengine leo ndilo jambo pekee ninalolielewa." Akachukua kisu, akaanza kumenya kiazi kilichoachwa. "Sikulazimishi. Ni sauti yako. Lakini Binti sitamdanganya kwamba imepotea, maana nimemwacha analia."

Mkono wa Dereva ukasimama hewani. Akaandika haraka, bila nafasi kati ya maneno: "Analia?"

"Analia. Ulidhani atacheka?"

"Kwanini alie mimi nipo hai."

"Sijui. Mwulize mwenyewe," Bi Halo akasema. "Mimi leo nimechoka kuunganisha watu."

Na kweli aliuliza. Walichoandikiana baba na mwanawe siwezi kukusimulia, kwa sababu Bi Halo hakusoma, alikuwa ameinamia viazi akivimenya vyote mpaka vile ambavyo havikuhitajika. Aliona tu kioo cha simu kikiwaka na kuzima, kikiwaka na kuzima, na mdogo wake akijifuta uso kwa kona ya kitambaa cha shingoni. Muda mrefu ukapita. Kisha Dereva akainuka, akaviringisha diski vizuri, akamwonesha dada yake njia kwa kidevu.

Walipitia kwa Bi Halo kuchukua laptopu, na Fundi Redio akaiunganisha nayo ile diski kwa waya mwingine kabisa, na folda likafunguka, na abiria wote walikuwemo.

"Haya, nazikopi. Zimeingia. Tayari, Bi Halo."

"Tayari ya juzi au tayari ya kweli?"

"Ya kweli."

"Chomoa huo waya."

Akachomoa.

"Hiyo diski iondoe hapa. Iende mbali."

"Bi Halo, diski ikiwa imechomolewa haina..."

"Iende mbali, Fundi!"

Basi Dereva akaichukua diski akavuka nayo barabara, akasimama upande wa pili mbele ya duka la magodoro, ameishika kwa mikono miwili, watu wakimpita. Hapo tu ndipo Bi Halo alipokubali kubofya Kobe.

Na sauti ikatoka. Nene, yenye mkwaruzo wa vumbi, na kicheko kinachonyemelea nyuma ya kila neno. *Mwanangu, leo sikusafiri peke yangu. Nimefika njia panda, nani kanipungia mkono? Kobe!* Bi Halo alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi, lakini hakuwa amejiandaa kwa namna mdogo wake alivyokuwa kijana. Alilia pale pale mbele ya Fundi, bila aibu, na Fundi akajitia kutafuta bisibisi.

Jioni, jua likiwa bado nje, walikaa wote wawili mbele ya laptopu sebuleni, na meza sasa iliwatosha. Kwenye skrini alikuwepo Binti na mtoto mapajani. Sharti la Dereva lilikuwa moja: hadithi isitumwe kwanza. Ichezwe huku, naye awepo, aonekane. Alikuwa amenyoa ndevu. Bi Halo alimwona akikunja na kukunjua vidole, akajua kwamba mtu huyu, aliyevuka milima na mzigo wa tani nyingi, anamwogopa kiumbe asiyefika magotini.

"Bonyeza," Binti akasema.

Bi Halo akabonyeza. Sauti ikaanza, mtoto akashtuka, akatafuta huku na huku inakotoka. Dereva akainua mikono, akashika usukani usiokuwepo. Kobe alipopanda, akampisha kwa kiwiko. Kobe alipokataa kusema anakwenda wapi, akakunja uso ule wa kobe mwenyewe, shingo ndani, mdomo chini. Na lilipofika daraja, honi ilipolia ile ndefu ya lori, alivuta kamba hewani na kuvimbisha mashavu, macho yakamtoka, na mtoto akacheka mpaka akapaliwa, na Binti akacheka akilia, na hakuna aliyejua tena ni nani anayesema na nani asiyesema.

Hadithi ikaisha. Kompyuta ikanyamaza. Mtoto akasogeza uso karibu na skrini, akamtazama babu yake mdomoni, akangoja.

Dereva akatulia kabisa.

"Babu," mtoto akasema, akimnyooshea kidole yeye, si kitu kingine chochote. "Tena."

Dereva akamgeukia dada yake, akampiga kikumbo begani kumharakisha, akamwonesha pa kubonyeza.